Wateja Walioshiba wa Mama Rajabu

Juzi asubuhi nilikuwa nimekaa mlangoni kwangu hapa Nambis nachagua maharage, simu ikaita namba nisiyoijua. Kwa kawaida namba nisiyoijua sipokei, maana ni ama mtu anayeniambia nimeshinda zawadi, ama mtoto wa ukoo mwenye shida. Lakini macho yalikuwa yamechoka na maharage, nikapokea. Sauti ya msichana ikaniamkia shikamoo, ikauliza kama mimi ndiye Mama Paskali wa Katesh. Mtu akiniita Mama Paskali wa Katesh najua anatokea upande mmoja tu wa maisha yangu. Akasema anapiga kutoka Kondoa, yeye ni mjukuu wa marehemu Bi Hadija, na kwamba Mama Rajabu amefariki Jumatano, wamemzika siku ile ile kama ilivyo kwao, na kabla hajafa aliagiza nipigiwe niambiwe neno moja: lile sinia nisilirudishe, ni langu. Nikamwambia asante mwanangu, poleni sana. Nikaendelea kuchagua maharage. Nilipofika nusu ya ungo nikaona natupa mazima naacha yaliyotobolewa, nikauweka ungo chini.

Watu wakisimulia mwaka uliowafundisha maisha, hutaja ujana wao. Mimi ujana haukunifundisha kitu, ulipita mbio na mimi nikiwa nyuma yake na kuni kichwani. Mwaka wangu ulinikuta nina mvi, nimeshazika mume, nimeshasahau hata zile hesabu za darasa la tatu nilikoishia. Ni mwaka tuliokuwa tunauza nyumba ya Mama Rajabu pale Katesh, na nyumba haikutaka kuuzika. Nasema tulikuwa tunauza kana kwamba na mimi nilikuwa na tofali langu mle. Sikuwa nalo. Nilikuwa mpangaji wa chumba cha uani ambaye kodi yake iligeuka kuwa kupika, zamani sana, hata hatukukumbuka tulikubaliana lini. Kila alfajiri Mama Rajabu akimaliza kuswali alikuwa anagonga ukuta wangu mara tatu kwa kiganja. Hapo najua niamke nikawashe moto. Mimi ni Mkristo, yeye ni Mwislamu, asili yake Mrangi wa Kondoa, na nadhani nimeamshwa na sala yake mara nyingi kuliko nilivyoamshwa na kengele ya kanisani kwetu.

Nyumba yenyewe ngoja niieleze, maana ukiiona sasa huwezi kuijua. Mbele ilikuwa na chumba cha duka, pale yeye na mumewe waliuza vitenge na mablanketi kwa miaka arobaini, mume akafa, macho ya mama yakaanza ukungu, duka likafungwa. Rafu zilibaki tupu lakini ukiingia ulikuwa bado unasikia harufu ya kitambaa kipya. Nyuma ya duka kuna sebule yenye makochi ya kijani yaliyovishwa vitambaa vya kufuma, hata mikononi mwa kochi, hata juu ya redio. Kisha korido, vyumba vitatu, halafu uani: jiko la mabati, pipa la maji, mipapai miwili na chumba changu. Na ufa. Ufa ulianzia kona ya dirisha la sebule ukapanda mpaka dari, mpana wa kuingia kidole, na Mama Rajabu alikuwa ameufunika kwa kalenda tatu zilizopangwa ngazi ngazi. Kalenda ya juu ilikuwa ya mwaka ambao mumewe alikuwa hai. Upepo wa Katesh, huu unaoshuka mlimani na vumbi lake, ulikuwa ukizipuliza zile kalenda na ufa unachungulia, kisha unajificha.

Sababu ya kuuza ilikuwa Hadija. Huyo ni dada yake mkubwa, yuko kwao Kondoa, alianguka kiharusi upande mmoja ukalala, na waliokuwa wakimwangalia ni wajukuu wenye haraka zao. Mama Rajabu alitaka auze nyumba, aende, ajenge chumba kwa dada yake, wamalize pamoja. Bila kuuza hana cha kujengea, na kwa dada yake kulikuwa na chumba kimoja tu kinachovuja. Rajabu mwenyewe yuko Mwanza, alipiga simu siku ya Idi, akasema uza mama, ukiuza nitafurahi, kisha salio likaisha. Basi Idi ile ilipopita tu akaitwa dalali.

Dalali aliitwa Jumanne, kijana wa mjini pale pale, simu mbili na pikipiki moja inayokohoa. Alimwita Mama Rajabu mama yangu, mimi akaniita mama mdogo, na ukimwangalia vizuri alikuwa na huruma kuliko kazi yake inavyoruhusu. Alituambia ukweli siku ya kwanza. Akasema mama, watu wa huku hawanunui nyumba, wananunua kiwanja wanajenga. Mtu akiuza mahindi yake anataka afyatue tofali zake, akosee mwenyewe, nyumba iitwe yake. Atakayenunua nyumba ya mwenzake ni mtu mwenye haraka, na mwaka huu maharage yameshuka, hakuna mwenye haraka. Kwa hiyo nyumba lazima ipendeze. Ipendeze mpaka mtu aone uvivu wa kujenga.

Tukaanza kuipendezesha. Rangi kwanza. Jumanne alitaka nyeupe, Mama Rajabu akasema nyeupe ni ya zahanati, wakakubaliana rangi ya maziwa yaliyotiwa majani ya chai. Nilishika brashi mimi mwenyewe, kwenye ngazi ya kuazima, na kitenge kichwani, na majirani wakawa wanapita wanaulizia kama Mama Rajabu anaolewa. Tukakwangua masizi jikoni. Tukang'oa magugu, tukafukia shimo la takataka, tukahamisha banda la kuku nyuma ya choo, na kuku wakawa wanarudi jioni pale lilipokuwa wanalala chini wakilalamika. Jumanne akasema picha ya marehemu itolewe sebuleni, mnunuzi hapendi kutazamwa na mwenye nyumba aliyekufa. Mama Rajabu alikubali mengine yote, hilo akakataa. Akasema, "Aliyejenga atazame anayenunua. Akiogopa macho yake, ataogopa na bati lake." Ikabaki. Mwisho Jumanne akaandika ukutani kwa rangi nyekundu NYUMBA HII INAUZWA. Sasa kwa watu wetu maandishi ya ukutani tuliyoyazoea ni yale ya nyumba hii haiuzwi, ya ndugu waliogombana, kwa hiyo wengi walisoma haraka wakadhani kuna kesi. Miezi miwili hakuja mtu.

Mteja wa kwanza alikuwa mwalimu mstaafu wa Masakta na mkewe. Nakumbuka ile siku kwa sababu ya kuku. Mama Rajabu alipoambiwa kuna wageni wanakuja kutazama, hakusikia neno kutazama, alisikia wageni. Akanituma sokoni mchele, vitunguu, bizari, akachagua jogoo, na Jumanne akachinja yeye, kwa kuwa nikichinja mimi Mkristo, Mama Rajabu hali. Nikapika pilau. Pilau yangu alinifundisha yeye, na siwezi kujisifu, lakini harufu yake ilikuwa inafika mpaka kwenye mashine ya kusaga. Mwalimu akaingia, akazunguka vyumba, akagusa madirisha. Alipofika sebuleni upepo ukainua kalenda. Mwalimu akauona ufa. Nilikuwa mlangoni na sinia mikononi, nikamwona anavuta pumzi ya kusema, na Mama Rajabu akasema karibuni chakula.

Wakala. Mama Rajabu alikaa karibu na mke wa mwalimu, anamchagulia minofu, anamsogezea kachumbari, anauliza habari za watoto, mmoja mmoja. Walipomaliza mwalimu akanawa mikono taratibu sana. Akatazama ukuta, akatazama sinia, akasema nyumba ni nzuri, mama umeitunza, sisi tutarudi. Hawakurudi. Baada ya wiki moja walituma debe la maharage na salamu.

Akaja mfanyabiashara wa vitunguu. Akala, akasema atarudi, akatuma asali. Wakaja mtu na mdogo wake kutoka Dongobesh waliotaka nyumba ya kuweka duka la dawa za mifugo. Hao walikula mara mbili, maana walilala kwa ajili ya mvua, na walipoondoka yule mkubwa alimwita Mama Rajabu mama, akampa namba ya simu akisema ukipata shida yoyote unipigie. Jumanne akampigia yeye kumuuliza kuhusu nyumba, simu haikupokelewa. Ikafika mahali kuku wetu wakajua mlio wa pikipiki ya Jumanne. Ikikohoa tu kule kona, wanaingia chini ya mipapai. Tulipata maharage, asali, kitambaa cha meza, na mbuzi jike mwenye mimba. Mnunuzi hatukupata. Jumanne alikuwa anakaa kwenye pipa la maji anashika kichwa, anasema hajui, kila mteja anasifia, na mteja anayesifia si mteja.

Hapa ndipo pa kusema ukweli, na nimeamua niuseme kabla ya maharage kuiva.

Baada ya Krismasi nilikwenda kusaga. Mashine ile inanguruma, watu wanapaza sauti bila kujua, halafu inazimwa ghafla na maneno ya mtu yanabaki peke yake hewani. Ilizimwa, na maneno yaliyobaki hewani yalikuwa ya mke wa mwalimu. Alikuwa kanipa mgongo, anamweleza mwenzake. Alisema nyumba waliipenda, hata mume wake alikuwa na bei yake mfukoni, ya chini kidogo kwa ajili ya ule ufa, angeitaja wangeelewana. "Sasa umeshakula kuku wa mtu, mwenyewe anakuchagulia minofu, utafungua mdomo gani umwambie ukuta wako umepasuka? Tuliona haya. Tukanunua kiwanja."

Nilisimama na ndoo yangu. Niliona kila kitu, kama mtu aliyewashiwa taa. Kwetu huku, Mwiraqw, Mrangi, Mdatoga, wote sawa katika hilo: ukishakula ndani ya nyumba ya mtu, wewe ni mgeni wake, na mgeni hatoi kasoro wala hapunguzi bei. Na kulipa bei kamili ya nyumba yenye ufa hakuna anayeweza. Basi mtu ananyamaza, anatuma asali. Si rangi, si maharage kushuka. Ni pilau yangu.

Nilirudi nyumbani nikapika ugali, sikusema. Kesho yake sikusema. Kila Jumanne alipoleta mtu, nilipika, na nitasema vilevile kwamba nilipika vizuri zaidi. Nilianza kuweka zabibu. Kwa nini? Kwa sababu nyumba ikiuzwa yeye anakwenda Kondoa na mimi nakwenda wapi? Watoto wangu wana nyumba zao na wake zao. Nilikuwa na chumba chenye mlango unaofunga, na mtu wa kunigongea ukuta alfajiri. Nikijitetea moyoni nilikuwa nasema mimi ni mpishi tu, naambiwa pika napika. Huo ni uongo wa mtu mzima, hauna hata sauti. Jioni tulikuwa tunakaa sebuleni, yeye anasikiliza redio mimi nafuma, upepo unapiga kalenda, na mimi nilikuwa najiambia mwezi mmoja zaidi, si mbaya, mwezi mmoja. Nikaila miezi hivyo hivyo mpaka maharage mapya yakawa yanavunwa.

Kisha siku moja mchana simu yake ililia yeye yuko kwenye sala. Iliandika Hadija. Nilikuwa sijawahi kupokea, nikapokea ili isikatike. Nikasikia pumzi, kisha maneno yanayokuja nusu nusu kwa ajili ya ule mdomo uliolala. Alidhani mimi ni mdogo wake. Nilitaka kumwambia si yeye, lakini alikuwa ameshaanza na nikaona kumkatiza ni kumrudisha mwanzo. Alisema, "Zaina, nakungoja. Nakungoja, lakini sasa nachoka kungoja." Kisha akasema wamemhamishia kitanda dirishani aone njia. Nikamwambia nimesikia dada. Sauti yangu haikufanana na ya Zaina hata kidogo, lakini alisema haya, akakata.

Mama Rajabu alipokunja mkeka wake alinikuta nimekaa chini na simu. Nikamweleza maneno ya Hadija kama yalivyo. Kisha nikamweleza ya kwenye mashine, nikamweleza na zabibu. Nilikuwa nimetegemea anipige, au aniambie toka. Alikaa kwenye kochi akawa anavuta uzi wa kitambaa cha kufuma, anavuta, anavuta, kona nzima ikafumuka. Akaniuliza, "Kwa hiyo tusipike?" Nikasema tusipike. Akasema hawezi kuacha mtu aingie kwake atoke mkavu, hajawahi, hata wale waliokuja kudai kodi ya mapato walikunywa chai. Nikamwambia Mfungo unaanza wiki ijayo. Mchana wa Mfungo jiko la nyumba ya Kiislamu halina moto na hakuna wa kushangaa. Jumanne alete watu mchana. Alinitazama kwa macho yake ya ukungu kwa muda mrefu kidogo, zaidi ya nilivyoelewa wakati ule. Akasema basi, usiwashe.

Mfungo ule uliangukia kwenye baridi na upepo. Mimi sifungi, lakini kwa miaka yote pale nilikuwa nakula mchana chumbani kwangu nimefunga mlango, mhogo wa kuchemsha, natafuna polepole kama mwizi, na yeye alikuwa anajua, na jioni ananiuliza kama swaumu yangu imekwenda vizuri. Basi wiki ya pili Jumanne akaleta mzee mmoja mfugaji wa Gendabi, Gidahoda, Mdatoga mrefu mwenye blanketi na fimbo. Alikuwa na watoto watatu wanaoanza sekondari mjini, hakutaka wapange, na hakutaka kujenga maana ng'ombe hawangoji mtu ajenge. Huyo ndiye mwenye haraka tuliyekuwa tukimtafuta.

Jikoni jivu lilikuwa baridi. Aliomba maji nikampa, maji hayahesabiwi. Mama Rajabu alinitazama mara mbili kwa kuniomba, hata chai tu, Mama Paskali, mzee wa watu hafungi. Nikatikisa kichwa. Sijawahi kuona mtu anateseka vile kwa sababu ya kikombe cha chai.

Gidahoda aliikagua ile nyumba kama anavyokagua ng'ombe. Alianzia nyuma. Aligonga kuta kwa fimbo akasikiliza, alipanda kwenye pipa akatazama misumari ya bati, alifungua na kufunga kila mlango, akaingia hata chumbani kwangu akatazama kitanda changu akasema samahani mama. Sebuleni aliziondoa kalenda zote tatu akaziweka juu ya kochi vizuri, akaingiza kidole kwenye ufa mpaka kiungo cha pili.

"Na hii ni nini?"

"Ni ufa," Mama Rajabu akasema. "Una umri wa kijana wangu. Haujaongezeka."

"Hakuna ufa unaoongezeka siku ya kukaguliwa."

"Wala hakuna mnunuzi anayeusifia. Kaa tuzungumze."

Na hapo, jamani, nikaona kitu. Yule bibi niliyekuwa namshika mkono kwenda chooni alinyooka. Alivuta kitambaa chake cha kichwa mbele, akaweka mikono magotini kama alivyokuwa anakaa nyuma ya meza ya duka, na wakaanza. Bei sitaitaja, waliitaja vya kutosha wao. Mzee anasema choo kimejaa, mama anasema kimejazwa na watu wenye afya. Mzee anasema upepo hapa ni mkali, mama anasema upepo ni wa Serikali, siuzi upepo. Mzee akanyanyuka mara mbili akafika mlangoni, na mara mbili mama akamwacha afike, akamwita alipogusa kitasa, sio kabla. Walianza adhuhuri, ilipofika alasiri Mama Rajabu akaomba ruhusa akaenda kuswali, akarudi, wakaendelea. Alikuwa na njaa na kiu na mashavu yamepata damu. Nikasema moyoni, huyu mtu tumemwacha alishe wageni mwaka mzima tukamnyima kazi yake.

Mwishowe mzee akapiga fimbo chini mara moja. Mama Rajabu akasema sawa. Jumanne akaenda kumwita mwenyekiti wa mtaa waandikishane. Na Mama Rajabu, hata mwenyekiti hajakaa, akamgeukia Gidahoda, akamwambia sasa nyumba ni yako, na mimi ndani yake sasa ni mgeni wako, lakini leo huondoki bila futari. Mama Paskali, washa moto.

Nikawasha. Nilipika kama mtu aliyefunguliwa kamba. Uji wa pilipili manga, viazi vitamu, chapati, kuku wawili. Jumanne alikuwa anachinja anacheka. Adhana ya magharibi ilipoita tukashusha sinia katikati, tukala wote, mwenyekiti, dalali, Mdatoga, Mrangi na mimi. Gidahoda alikula polepole. Alipomaliza alinawa, akalitazama sinia, akamtazama Mama Rajabu, akasema, "Mama, chakula hiki kingetangulia, nyumba hii nisingeinunua. Ningeona haya." Jumanne akaacha kutafuna. Nikaona ameelewa mwaka wake wote kwa mara moja. Mama Rajabu aliinamisha uso kwenye bakuli lake la uji. Nilidhani ni aibu.

Kisha mzee akauliza na huyu, ananionyesha kwa kidevu. Mama Rajabu akasema huyu hauzwi pamoja na nyumba, hata hivyo hungemmudu. Wakacheka. Gidahoda akasema watoto wake wanaanza shule Januari, mpaka hapo chumba cha uani ni changu, na nikitaka kubaki niwapikie nibaki. Nilibaki mpaka Januari, nikawafundisha watoto wake kuwasha jiko lile, halafu nikaja huku Nambis kaka yangu aliponipa pa kujenga. Chumba ni kimoja. Mlango unafunga.

Mama Rajabu aliondoka baada ya Idi. Asubuhi yenyewe aligonga ukuta mara tatu kama kawaida, ingawa hapakuwa na haja, mimi nilikuwa nimesimama nje ya mlango wake na mizigo. Nilimsindikiza stendi. Vyombo vingi aligawa, lakini sinia la pilau, lile kubwa la bati lenye maua mekundu, alikuwa amelifunga kwenye kitenge analikumbatia. Basi la Babati lilipofunguliwa mlango akanipa. Akasema nilitunze, kwenye basi watalikanyaga, atakuja kulichukua. Tukasubiri kondakta apandishe magodoro ya watu. Akasema bila kunitazama, "Ulijua tangu lini, ulisema?"

Nikasema tangu baada ya Krismasi. Nikaanza kuomba radhi tena, akanishika mkono kuninyamazisha.

"Wewe ulichelewa. Mimi nilijua tangu yule mwalimu."

Sikuelewa. Akasema, "Mama Paskali, mtu anakaa dukani miaka arobaini, asijue mteja aliyeshiba hanunui? Mume wangu alikuwa ananikataza hata kumpa mteja karanga."

Nikamuuliza kwa nini basi, na Hadija anangoja. Alitazama mlima, ingawa kwa macho yale sidhani aliuona. Akasema Hadija anayemjua yeye alikuwa anabeba maji debe kichwani na debe mkononi huku anaimba, na aliogopa kwenda kumkuta amelala. Kila mteja alipoondoka, yeye aliona amepewa siku nyingine ya kumwona Hadija akiwa amesimama. Kisha akasema, "Halafu nani angekuwa anakugongea?" Kondakta akamshika kwapa akampandisha, na alipokaa dirishani akaweka kiganja kwenye kioo.

Aliwahi. Hilo nalisema kwa furaha. Hadija aliishi miaka miwili zaidi pamoja naye, kwenye chumba kipya chenye vitanda viwili, na mama alikuwa ananipigia simu ananiweka masikioni mwa dada yake tuamkiane. Mara moja Hadija alisema sauti yangu anaijua, ila hakumbuki aliisikia wapi. Sikumwambia.

Maharage nilimaliza kuyachagua, sasa yako motoni. Alhamisi kaka yangu ana mgeni kutoka Dongobesh, anakuja kutazama ng'ombe wetu mwekundu, yule ninayemkamua mimi, ambaye kaka anasema amezeeka lazima auzwe. Ameniambia dada, tafadhali, siku hiyo usipike, ni biashara. Nimemwambia nimesikia. Sinia nimeliosha kwa majivu mpaka maua yamerudi, nimeliegemeza ukutani juani likauke.